Safari ya Ukerewe Inayoongozwa na Kijana Wako: Mwongozo Kamili kwa Familia za Mwanza

Kila Novemba, mtihani wa kidato cha nne ukiisha, wazazi wengi wa Mwanza wanawaza jambo moja: mtoto amemaliza, tumtoe kidogo. Na kila mwaka safari hizo zinaharibika kwa namna zilezile. Familia inafika bandarini meli imeshaondoka. Kijana anainamia simu kutoka Mwanza mpaka Nansio, bandari ya Ukerewe. Pesa inakata siku ya pili mchana. Mtu anajitosa ziwani kuoga, na baada ya miezi miwili tumbo linamsumbua bila yeye kujua lilikotoka tatizo.

Chanzo mara nyingi ni kimoja. Mzazi anapanga kila kitu mwenyewe, kisha anashangaa kwa nini mtu wa miaka 17 amekuwa kama begi. Amebebwa kama begi, naye anakaa kama begi. Mwongozo huu unageuza mpango: kijana ndiye kiongozi wa safari, ana pesa mkononi, na neno lake ndilo la mwisho katika mambo yaliyotajwa. Mzazi anabaki na mambo matatu tu.

Safari yenyewe ni ya siku 3 na usiku 2, Mwanza hadi Ukerewe na kurudi. Inawafaa vijana wa miaka 14 hadi 18. Mwenye umri chini ya hapo mpe kipande kimoja, labda baiskeli au chakula, si safari nzima.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

Nyaraka:

- Nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na kitambulisho cha shule kama bado anacho.
- Kitambulisho cha NIDA cha kila mtu mzima.
- Kadi ya bima ya afya kwa aliye nayo.

Usidharau cheti cha kuzaliwa. Gesti zina kitabu cha wageni, na mhudumu makini akimwona mwanaume mzima na binti wa miaka 16 wanaomba chumba, ana haki ya kuuliza. Cheti kinamaliza maswali ndani ya dakika moja na kinamwokolea binti aibu.

Vifaa kwa familia ya watu 4:

- Jaketi okozi lenye saizi ya kila mtu, kama mna uwezo wa kununua au kuazima. Meli kubwa zina yake. Mitumbwi midogo huwezi kuitegemea.
- Madumu 2 ya maji ya lita 10, na chupa ya lita 1 na nusu kwa kila mtu.
- Tochi 2, pawabenki 1 ya 10,000 mAh, na mfuko wa plastiki unaofunga vizuri kwa ajili ya simu na karatasi.
- Viraka vya baiskeli, solusheni, pampu ndogo, na spana ya kufungulia gurudumu.
- Dawa za kichefuchefu cha safari, chumvi za ORS pakiti 6, dawa ya maumivu, plasta, na dawa ya kufukuza mbu.
- Pedi za kutosha kwa kila msichana, hata kama siku zake bado. Safari na mabadiliko ya ratiba hutibua hesabu, na duka la karibu huenda limefungwa.
- Michembe au matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) kama kilo 1 na nusu, na karanga. Haviharibiki, havidai jiko, na vinashibisha kuliko biskuti.
- Daftari 1 na kalamu 2. Daftari hili ni la kiongozi.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe, wiki tatu kabla

Tangu mtihani wa Novemba hadi kidato cha tano kufunguliwa Julai, kijana ana muda mrefu sana. Usikimbilie Desemba kwa sababu tu ndiyo likizo ya kila mtu. Desemba mvua za vuli bado zinanyesha na vyombo vinajaa watu wanaorudi kwao. Januari na Februari mvua hupungua. Juni ni kukavu, ila wakati huo pepo za kusini huvuma kwa nguvu na ziwa huchafuka, hasa mchana.

Hesabu siku 4 hata kama safari ni ya siku 3. Siku ya nne ni ya akiba. Meli inaweza kuzuiwa na hali ya hewa au kwenda matengenezo, na mzazi anayetakiwa kazini kesho yake ndiye hushawishika kupanda chombo ambacho siku nyingine asingekigusa.

Kabla ya kufunga tarehe, kijana aandike daftarini njia mbili za kurudi. Ya kwanza ni meli kutoka Nansio hadi Mwanza. Ya pili ni ya barabara: Nansio hadi Rugezi, kivuko hadi Kisorya, kisha basi kupitia Bunda hadi Mwanza. Ni ndefu, lakini ipo.

## Hatua ya 2: Kikao cha kugawa mamlaka

Dakika 40 zinatosha, mezani, baada ya chakula. Msifanye kikao hiki ndani ya gari wala kwa ujumbe wa simu.

Mzazi anabaki na mambo matatu: usalama majini, afya, na bahasha ya akiba. Mengine yote, yaani saa ya kuondoka, chakula, njia, nani akae wapi, mpande bodaboda au mtembee, ni ya kijana. Andikeni daftarini, kila mmoja atie sahihi. Inaonekana kama mchezo wa kuigiza, lakini siku ya pili mtakapoanza kubishana mtalifungua daftari hilo.

Kisha wekeni sheria ya kukataa chombo. Yeyote katika familia, hata mdogo kuliko wote, akisema "hiki sipandi", hakuna anayepanda na hakuna anayemhoji. Haelezi sababu wala hachekwi. Mnasubiri kingine au mnarudi.

Sheria hii ina mizizi ziwani kwetu. Kivuko MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kikiwa karibu kabisa kutia nanga. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Chombo kilichojaa kupita kiasi hakihitaji dhoruba ili kipinduke. Watu wakihamia upande mmoja kwa wakati mmoja inatosha. Mtoto anayeogopa kuonekana mwoga mbele ya baba yake atanyamaza, na ukimya huo ndio hatari. Kwa hiyo mzazi ajizoeze kusikia neno "sipandi" bila kukunja uso.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni mzazi kutoa mamlaka kwa mdomo na kuyarudisha kwa macho. Kijana akipanga chakula cha mchana saa 9, mle saa 9. Njaa ya saa mbili haijaua mtu.

## Hatua ya 3: Zoezi la nusu siku, Saanane

Msiende Ukerewe bila jaribio. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane ipo pale pale mjini: ofisi na gati viko Capri Point, na boti haichukui hata robo saa. Kuna miamba ya kupanda, pimbi, swala, na mandhari ya jiji lote. Malipo ya hifadhi hupitia kontroo namba, si fedha taslimu mkononi, hivyo mwenye kulipa awe na salio kwenye simu.

Kijana aongoze kuanzia mlangoni nyumbani hadi kurudi. Hapo mnaangalia mambo manne:

1. Alihesabu watu wakati wa kupanda na kushuka?
2. Maji yalitosha? Kwa jua la Mwanza kadiria lita 3 kwa mtu kwa siku nzima, lita 1 na nusu kwa nusu siku.
3. Alijua saa ya boti ya kurudi bila kukumbushwa?
4. Jaketi okozi lilivaliwa sawasawa?

Hili la mwisho mlifanyie mazoezi hadi likae. Mvae, mfunge vifungo vyote, kisha mwingine ashike mabega ya jaketi na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au halijakazwa. Likipanda kidogo tu na kidevu kikabaki huru, limekaa. Jaketi la mtu mzima likivishwa mtoto mwembamba humponyoka kichwani akianguka majini, na hapo ni sawa na kutokuwa nalo.

Akisahau maji au akiwachelewesha, vizuri sana. Kosa la Saanane linagharimu nusu saa na soda moja. Lile lile likitokea Nansio linagharimu siku. Msimkaripie. Mwambieni aandike daftarini atafanya nini tofauti.

## Hatua ya 4: Pesa kwenye bahasha

Kijana aulize nauli na bei za malazi mwenyewe, kwa simu au kwa kwenda bandarini. Bei hubadilika na msimu, kwa hiyo hesabu ya jirani wa mwaka jana isitumike. Akishapata jumla, aigawe hivi:

- Nauli zote, meli na bodaboda: asilimia 25
- Malazi: asilimia 30
- Chakula na baiskeli: asilimia 25
- Akiba: asilimia 20

Bahasha tatu za kwanza anabeba kijana. Ya akiba anabeba mzazi, na haifunguliwi mpaka wote wawili wakubali. Kila matumizi yaandikwe siku hiyohiyo kabla ya kulala.

Kwa nini taslimu wakati simu zipo? Kwa sababu utafika kisiwani jioni ukute wakala hana floti, au mtandao unasuasua, na mwenye bodaboda anataka hela yake sasa hivi. Beba noti za elfu moja na elfu mbili nyingi, na sarafu. Noti ya elfu kumi kwenye mwalo saa 1 asubuhi ni tatizo, si pesa. Hata hivyo bakizeni kiasi kwenye simu mbili tofauti, endapo begi litapotea.

Kila kijana apewe pia fedha yake binafsi, kiasi kidogo, ambayo hakuna anayeuliza imeenda wapi. Bila hiyo atachota kwenye bahasha ya chakula na ataficha.

## Hatua ya 5: Tiketi na malazi

Kijana aende Bandari ya Mwanza Kaskazini siku moja au mbili kabla, aulize chombo gani kinaondoka, saa ngapi, na siku ya kurudi ni kipi. MV Butiama ni jina mtakalolisikia, na wapo wasafirishaji binafsi pia. Ratiba hubadilika, ya kuuliza dirishani ndiyo ya kuamini, si ya kwenye picha iliyosambazwa kwenye kundi la familia.

Kwenye tiketi, majina yaandikwe kamili na namba ya simu iwe sahihi. Orodha ya abiria ndiyo waokoaji huanza nayo. Familia inayosafiri kwa jina la mtu mmoja "na wenzake" haipo kwenye orodha.

Kwa malazi, kijana apige simu mwenyewe. Wengi wa umri huu hawajawahi kumpigia mtu mzima wasiyemjua, na huanza na "habari, mna vyumba?" kisha wananyamaza. Mfundishe mpangilio: "Shikamoo mama. Naitwa fulani, napiga kutoka Mwanza. Tunaomba vyumba viwili, tupo wanne, tutafika Alhamisi jioni na kulala siku mbili. Vyandarua vipo? Maji ya kuoga ni ya bomba au ya ziwani? Na tukija na samaki wetu, tunaweza kupata jiko la mkaa?" Maswali matatu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kanda ya Ziwa malaria ipo mwaka mzima, na suala la maji linakuja chini.

Mambo yakienda sawa, kijana atakuwa na jina la mhudumu, bei waliyokubaliana na saa ya kufika, vyote vimeandikwa kwa mkono wake.

## Hatua ya 6: Bandarini na melini

Fikeni saa moja na nusu kabla ya muda wa kuondoka. Kiongozi atangaze saa ya kutoka nyumbani usiku uliopita, na akiongeza dakika 30 za foleni ya daladala atakuwa hajakosea.

Mkipanda, kabla ya kukaa, kiongozi awapitishe wote kwenye mambo matatu: majaketi okozi yako wapi, milango miwili ya kutokea ni ipi, na mkipotezana mtakutana wapi. Dakika 5 tu. Wasafiri wengine watawatazama, waacheni watazame.

Safari ni kama saa 3 hadi 4. Mwenye kutapika akae katikati ya meli, sehemu ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo, na atazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Kusoma simu ndiyo njia ya haraka ya kutapika: macho yanaambia ubongo tumetulia wakati masikio yanasema tunayumba. Dawa ya kichefuchefu inywewe kama saa 1 kabla ya kupanda. Ikinywewa baada ya kuanza kujisikia vibaya, mara nyingi hutoka na chakula.

Kuhusu simu: msizipige marufuku. Marufuku ndiyo huzaa ule mnuno wa saa nne. Ipe simu kazi. Mmoja apakue ramani ya Ukerewe mapema ili ifanye kazi bila mtandao, mwingine apige picha, mwingine atunze hesabu. Simu yenye kazi hukaa mfukoni zaidi kuliko iliyokatazwa.

## Hatua ya 7: Samaki wa jioni

Huu ndio moyo wa safari, na tunapendekeza msiuruke hata kama gesti ina mgahawa mzuri. Kijana anayemaliza kidato cha nne kando ya Ziwa Victoria na hajui kupaa samaki ana deni, wa kike na wa kiume sawa.

Kununua. Nendeni mwaloni mapema. Kwa watu 4 chukueni sato 2 wa gramu 600 hadi 700 kila mmoja. Macho yawe yamejaa na maangavu, matamvua mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Matamvua ya kahawia na jicho lililozama ni samaki wa jana. Sato aliye chini ya sentimita 25 msimguse, haruhusiwi kuvuliwa. Kama mnakula jioni na mmenunua asubuhi, apaliwe na kutolewa matumbo hapohapo, awekwe kwenye barafu. Joto la ziwani halisubiri.

Kupaa. Kisu kitoke mkiani kwenda kichwani, kinyume cha magamba. Pasua tumbo kuanzia kwenye tundu la haja hadi chini ya kidevu kwa ncha ya kisu, bila kuzamisha, maana nyongo ikipasuka nyama yote itakuwa chungu. Toa matumbo na matamvua. Osha kwa maji ya bomba au ya dumu, si kwa kuinama ziwani na kuchota.

Viungo. Chanja mara 3 kila upande hadi mfupa. Kwa kila samaki: chumvi kijiko 1 cha chai, ndimu 1, kitunguu saumu punje 4 na tangawizi kipande cha kidole, vyote vimetwangwa. Pakaza nje na kwenye michanjo. Aachwe dakika 20 hadi 30. Akiachwa saa mbili ndimu itamlegeza na atavunjika wavuni.

Kuchoma. Mkaa uwe umeshika wote na juu yake kuna majivu meupe. Weka kiganja kama sentimita 15 juu yake: ukivumilia sekunde 4 au 5, uko tayari. Wavu upate moto kwanza, kisha upakwe mafuta, ndipo samaki alale. Dakika 7 au 8 kila upande. Asiguswe kabla ya dakika 6. Wanaoharibu hapa ni wale wanaogeuza kila dakika moja; ngozi inabaki kwenye wavu na samaki anakuwa matambara. Ukiona ndimi za moto, nyunyiza maji kidogo pembeni, kwani moto wa ndimi unaunguza nje na kuacha ndani kubichi.

Ameiva pale nyama ya karibu na uti wa mgongo inapokuwa nyeupe na kuachia mfupa yenyewe.

Ugali wa muhogo mwombeni mwenyeji asimamie. Kwa watu 4 ni maji lita 1 na nusu na unga kama gramu 750, lakini wa muhogo hushikana haraka na humshinda mkono aliyezoea sembe. Mwiko umtoe jasho kijana, mama wa hapo aelekeze.

## Hatua ya 8: Siku ya baiskeli

Baiskeli Ukerewe ni usafiri wa kila mtu. Nyingi za kukodi ni zile nzito zisizo na gia, na njia ya kuzipata ni kuulizia kwa mafundi wa baiskeli Nansio jioni ya kwanza. Kijana ndiye apatane bei, na akubaliane pia nani atalipa tairi ikipasuka.

Kabla ya kulipa, akague kila moja: breki zote mbili zishike gurudumu likisukumwa, cheni isilegee zaidi ya upana wa kidole, magurudumu yasiyumbe, tairi zijae. Kiti kiwe juu kiasi kwamba kisigino kikikanyaga pedali ya chini, mguu unanyooka. Kiti kifupi ndicho kinachoua magoti, na wengi wanadhani ni uzee.

Kiongozi apange njia isiyozidi kilomita 25 kwenda na kurudi. Bukindo, kwenye jumba la Chifu Lukumbuzya, ni kituo kizuri cha kugeuzia. Ondokeni saa 1 asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza limetoka.

Halafu kuna saa ya kugeuka. Kabla ya kutoka, kijana aandike saa moja, tuseme saa 4:30, ambayo mtageuza baiskeli popote mlipo, hata kama mnakoenda panaonekana kwa macho. Hii ni ngumu kuliko inavyosikika. Vijana wengi, na baba zao zaidi, husema "tumeshafika, dakika kumi tu". Dakika kumi hizo hulipwa saa 7 mchana, mchangani, maji yameisha.

Kiongozi mbele, mtu mzima nyuma kabisa, mdogo katikati. Pumziko la dakika 10 kila baada ya dakika 40. Maji lita 3 kwa mtu, na pakiti 1 ya ORS kwa anayetoka jasho sana. Mtu akiacha kutoka jasho, akaumwa kichwa na kuanza kujibu ovyo, safari imekwisha: kivulini, alegezwe nguo, amwagiwe maji, apepewe, na apelekwe kituo cha afya.

Mkipotea, kijana ndiye aulize. Ashuke kwenye baiskeli kwanza, asalimie "shikamoo", kisha aulize. Anayeuliza njia akiwa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, hupata jibu fupi.

## Maji ya ziwa: soma hapa kabla mtoto hajavua shati

Kijana ataomba kuogelea. Mchanga ni mweupe, maji yanang'aa, na watoto wa pale wanaruka majini. Jibu letu ni hapana, na sababu yake ielezwe, kwa sababu "hapana" tupu haimzuii mtu wa miaka 17 usiku.

Konokono wa majini hutoa viluwiluwi vya kichocho visivyoonekana kwa macho. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache. Sehemu mbaya zaidi ni kwenye matete na magugu karibu na ufukwe, maji yaliyotulia, hasa kuanzia katikati ya asubuhi jua likiwa kali. Kujifuta na taulo haraka hakutoshi.

Hapa ndipo familia nyingi hudanganyika: wanangoja damu kwenye mkojo. Kichocho cha ufukweni mwa Ziwa Victoria ni cha tumbo zaidi. Dalili zake ni kuharisha, maumivu ya tumbo, uchovu, wakati mwingine damu kwenye choo, na mara nyingi hakuna dalili yoyote kwa muda mrefu.

Maji ya kuoga yaliyotoka ziwani yachemshwe, au yachujwe konokono kisha yakae kwenye chombo kilichofunikwa zaidi ya saa 24, muda ambao viluwiluwi hufa. Hii ndiyo sababu ya lile swali la simu kwa mwenye gesti. Kwa kunywa ni kuchemsha, au maji ya chupa.

Mbali na kichocho, kuna viboko na mamba. Muulizeni mwenyeji wa pale sehemu gani hukanyagwi jioni, na mfuate neno lake bila ubishi. Mwenye hamu ya kuogelea atafutiwe bwawa la hoteli mkirudi Mwanza.

## Kuhusu Ukara

Vijana watasikia habari za jiwe linalocheza la Ukara na watataka kwenda. Ni safari ya ziada juu ya maji, kupitia Bugolora. Fanyeni tu kama kuna siku ya akiba, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa Ziwa Victoria hauna onyo, na mtaondoka asubuhi na kurudi kabla upepo wa mchana haujachangamka. Chombo kiwe na namba, majaketi ya kila abiria, na nafasi wazi. Kikikosa kimoja, ile sheria ya Hatua ya 2 inafanya kazi. Namba za dharura, 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, ziwe kwenye kila simu na pia zimeandikwa kwenye karatasi.

## Hatua ya 9: Kurudi na kufunga hesabu

Siku ya kurudi kiongozi anakuwa amechoka, na ndipo vitu husahaulika gesti. Ahesabu mara mbili: watu na mabegi. Chaja zikaguliwe ukutani kabla ya kukabidhi ufunguo.

Ndani ya siku 2 baada ya kufika nyumbani, kijana aweke daftari mezani na kufunga hesabu. Iliyobaki kwenye bahasha zake ni yake, hilo mlitangaze tangu mwanzo. Ndilo linalomfanya apatane bei ya baiskeli kwa bidii. Ikipungua, aeleze wapi ilivuja; mzazi asimlipishe, ila asimfichie tofauti ya namba.

Kabla ya kulifunika daftari, aandike tarehe moja zaidi: wiki 8 tangu mlipotoka kisiwani. Kama mtu yeyote aligusa maji ya ziwa, hata kwa kushuka mtumbwini na kukanyaga magotini, siku hiyo aende kituo cha afya kupima choo. Dawa ya praziquantel hufanya kazi kwa minyoo iliyokomaa, hivyo kuinywa siku mbili baada ya safari ili "kuzuia" hakusaidii. Tarehe hiyo iwekwe pia kwenye simu ya mzazi, na kengele yake ilie saa 1 asubuhi, kabla watu hawajatawanyika.